Gawio la Benki si Gawio la Reli: Orodha za Hisa za Kanada na Uzee wa Watoto Wetu



 



Ada yetu ni kuzungumzia mambo ya nyumbani: malezi, ndoa, mirathi, swala za watoto. Leo tunaomba mtuvumilie, maana tutazungumzia hisa za Kanada. Atakayeuliza Kanada inawahusu nini watu wa Buyenzi, na apite mtaani kwake ahesabu ni nyumba ngapi ambazo karo za watoto na dawa za wazee hutoka Montreal na Ottawa. Kisha ajiulize: huyo anayetuma, siku nguvu zitakapomwisha, atakula nini?

Mzee mmoja alitujia baada ya swala ya Alasiri akiwa na simu mkononi. Mwanawe alisoma kwetu madrasa, na sasa yuko Montreal, anafanya kazi ghalani, umri wake umepita miaka arobaini. Kijana alikuwa amemtumia baba yake orodha inayozunguka katika kundi lao la WhatsApp: "Hisa kumi za gawio za kustaafia." Mzee hakujua Kifaransa cha mambo hayo, lakini neno moja alilijua, na lilikuwa limejirudia mara tano: Banque. Akatuuliza, "Maalim, mwanangu anataka kununua hivi. Ni halali au ni riba?"

Chini ya orodha ile ndugu wawili walikuwa wamekwisha jibu. Wa kwanza aliandika kuwa hisa zote ni kamari na Muislamu asizisogelee. Wa pili aliandika kuwa gawio si riba, kwa hiyo orodha yote ni halali, nunueni.

Tunasema wazi: wote wawili wamekosea. Na makosa yao si ya maneno matupu, kwani kuna watu wanapanga uzee wao kwa kuyasikiliza.

Tuanze na kosa letu wenyewe

Kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, hatuna budi kukiri. Mwaka 2014 kijana huyu huyu alitupigia simu. Mwajiri wake alikuwa ameahidi kwamba kila dola atakayoiweka katika akiba ya kustaafu, naye ataongeza dola moja. Akatuuliza kama inafaa. Sisi tuliposikia "akiba", "benki" na "faida" katika sentensi moja, tukamwambia ajitoe. Hatukuuliza fedha zile zinawekwa katika nini. Hatukuuliza kama ana haki ya kuchagua. Tulijibu haraka, naye kwa adabu yake akatii.

Miaka imepita, na dola zile za mwajiri hakuzipata. Hatusemi kwamba jibu lingekuwa "halali" bila masharti. Tunasema tulifunga mlango bila kuchungulia ndani, na aliyepata hasara hakuwa sisi.

Kapu na kilichomo ndani ya kapu

Huko Kanada serikali imeweka akaunti zenye kinga ya kodi. Ndugu zetu wa Montreal huziita kwa majina ya Kifaransa, na wa Toronto kwa majina ya Kiingereza, lakini ni zile zile.

Ya kwanza ni REER, ambayo Toronto huitwa RRSP. Ilianzishwa mwaka 1957. Mtu huruhusiwa kuweka hadi asilimia 18 ya kipato chake cha kazi cha mwaka uliotangulia, kwa kikomo kinachotangazwa kila mwaka. Anachokiweka hupunguzwa katika kipato kinachotozwa kodi, na kodi huja siku anapokitoa. Mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 71, lazima aifunge au aigeuze kuwa mfuko wa kulipwa kidogo kidogo.

Ya pili ni CELI, ambayo Toronto huitwa TFSA. Ilianza mwaka 2009. Hapa mtu huweka fedha zilizokwisha katwa kodi, na faida yake haitozwi kodi, wala siku ya kuitoa haitozwi. Kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000, na nafasi usiyoitumia huhamia mwaka unaofuata. Ukizidisha kiwango, hutozwa asilimia 1 ya kilichozidi kwa kila mwezi.

Sasa zingatieni jambo hili, maana wengi wamepotea hapa. REER si bidhaa, na CELI si bidhaa. Ni makapu. Ndani ya kapu unaweza kutia hisa za reli, au hati fungani za riba, au amana ya muda maalum ya benki. Kapu lenyewe halina riba, kama kapu la sokoni lisivyo na haramu mpaka utie nyama ya nguruwe.

Kijana wetu alipofungua CELI yake, mfanyakazi wa benki alimwambia, "Nimekuwekea pahala salama." Yeye akadhani CELI ndiyo hiyo. Kumbe alitiliwa amana ya muda, ile wanayoiita CPG, ambayo benki hukuahidi asilimia maalum hata kabla haijafanya kazi na fedha zako. Hiyo ni riba bayana. Miaka mitatu mtu alikula riba huku akiamini ameikimbia, kwa sababu ya kutojua tofauti ya kapu na kilichomo.

Kwa wanaosema hisa zote ni kamari

Ndugu wa kwanza tunamuuliza: hisa ni nini? Hisa ni fungu la umiliki katika kampuni. Mwenye hisa ni mshirika. Kampuni ikipata faida, wakurugenzi wakiamua, sehemu ya faida hugawiwa, nalo ndilo gawio. Ikipata hasara, gawio hupungua au hukatwa kabisa, na thamani ya hisa hushuka. Hakuna aliyeahidiwa kitu.

Ushirika wa kuchangia mali na kugawana faida na hasara ulijulikana tangu zama za Mtume (S.A.W.), na wanazuoni wetu wameuandikia milango mizima katika vitabu vya fiqhi. Katika Suratul-Baqara, kuanzia aya ya 275, Allah (S.W.) ametofautisha biashara na riba, moja akairuhusu na nyingine akaikataza. Anayezitia zote katika gunia moja la haramu amefuta tofauti ambayo Mola wake ameiweka.

Ni kweli wapo wanaonunua hisa asubuhi na kuiuza mchana kwa kubahatisha, na hao wana hukumu yao. Lakini mtu anayenunua fungu la kampuni ya reli ili alishike miaka ishirini, akichukua sehemu yake ya nauli za mizigo, amecheza kamari gani?

Tena tutazame matokeo ya maneno hayo. Kijana akiambiwa kila kitu ni haramu, hatachimba shimo azike fedha. Ataziacha benki, nayo itazikopesha kwa riba. Au atazila zote. Kisha akifika miaka 65 ataitegemea pensheni ya uzee ya serikali, ambayo kuipata kamili inahitaji kuishi Kanada miaka 40 baada ya kutimiza miaka 18, na kwa wakazi wa huko ukiwa chini ya miaka 10 hupati kitu. Aliyefika akiwa na miaka 40 atakuwa na miaka 25 tu. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Saad bin Abi Waqqas (R.A.) kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Je, anayemzuia nduguye asijiwekee cha halali, amelikumbuka fundisho hilo?

Kwa wanaosema gawio lote ni halali

Ndugu wa pili naye kashika nusu ya ukweli. Gawio si riba kwa umbo lake. Lakini gawio ni sehemu ya faida, na faida ina asili. Gawio la kampuni ya bia ni fedha ya bia. Gawio la benki ni fedha iliyotoka wapi?

Hapa ndipo Kanada ilivyo tofauti na nchi nyingi. Katika soko la hisa la Toronto, mabenki na makampuni ya fedha ni takriban theluthi ya thamani yote. Bank of Montreal imelipa gawio tangu mwaka 1829. Royal Bank, Toronto-Dominion, Scotiabank, CIBC na National Bank zote ni wagawaji wa miaka mingi. Kwa hiyo kila mtu anayeandika orodha ya hisa za gawio za Kanada, hata kama hana nia mbaya, kalamu yake itaangukia benki. Sifa anayoitafuta ni gawio lisilokatika, na nani hukusanya bila kukatika kama mkopeshaji?

Mwenye hisa za benki hana nafasi ya karani wala ya mlinzi wa mlangoni. Yeye ni mmiliki, na mikopo ile inatolewa kwa mali yake. Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim imewaweka sawa mla riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake. Ikiwa shahidi hakusalimika, mwenye mali atasalimika vipi?

Na wala asidanganywe na zile hisa za upendeleo, ambazo gawio lake limewekwa kwa kiwango maalum na mwenyewe hulipwa kabla ya wengine. Vigezo vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka kanuni za fedha za Kiislamu, haviruhusu hisa zinazompa mshirika mmoja kipaumbele cha namna hiyo.

Na zisizo benki je?

Benki zikiondolewa, bado kuna la kuangaliwa. Makampuni makubwa karibu yote hukopa kwa riba. Hapa wanazuoni wamekhitalifiana, na si uaminifu kuwaficha wasomaji. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilisema kuwa asili ni kutofaa kununua hisa za kampuni ambayo huingia katika riba mara kwa mara hata kama kazi yake kuu ni halali. AAOIFI wakaruhusu kwa masharti: kazi kuu iwe halali, deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana zake za riba zisizidi asilimia 30, na pato lisilo halali lisizidi asilimia 5 ya pato lote, tena pato hilo lisafishwe.

Anayefuata kauli ya kwanza kwa uchamungu tunamheshimu. Anayefuata ya pili ana wanazuoni nyuma yake. Asiyefuata yoyote, akafuata orodha ya WhatsApp, huyo ndiye tunayemkemea.

Tuchukue BCE, kampuni ya simu iliyokuwamo katika karibu kila orodha ya wastaafu. Simu ni halali. Lakini hata mwaka 2022, hisa yake ilipofika zaidi ya dola 70, madeni yake yalikuwa zaidi ya theluthi ya thamani yake sokoni. Kwa kipimo cha AAOIFI, haikupita. Watu wakasema, "Masheikh na vipimo vyao, wanatunyima gawio zuri." Bei ikaanza kushuka, na kadiri ilivyoshuka ndivyo asilimia ya gawio ilivyoonekana kubwa, maana dola ni zile zile na bei ni ndogo. Ikafika zaidi ya asilimia 12, na orodha zikaisifu zaidi. Mwezi wa Mei 2025 gawio likakatwa kutoka dola 3.99 kwa mwaka hadi dola 1.75. Aliyekuwa na hisa 1,000 akitarajia dola 3,990 aliachiwa dola 1,750, na hisa yenyewe wakati huo ilikuwa karibu dola 30.

Hatusemi kipimo cha sharia ni hirizi ya kuzuia hasara. Kampuni isiyo na deni nayo huanguka. Tunasema kwamba aliyekatazwa deni kubwa hakukatazwa bure, na gawio kubwa kupita kiasi mara nyingi ni homa, watu wakaidhania afya. Enbridge ya mabomba ya mafuta na Fortis ya umeme, nazo vipenzi vya orodha hizo, zimebeba madeni yanayopita theluthi ya thamani yao sokoni. Msizinunue kwa sababu tu haziitwi benki.

Zinazobaki ni chache, lakini zipo. Imperial Oil imelipa gawio kila mwaka kwa zaidi ya karne moja na deni lake ni dogo. CN, kampuni ya reli yenye makao yake Montreal, imekuwa ikiongeza gawio tangu iuzwe kwa umma mwaka 1995. Nayo ina deni ambalo haliko mbali sana na mpaka, hivyo hukaguliwa kila mwaka, si mara moja tu.

Halali si hesabu peke yake

Kuna kampuni nyingine ya Toronto inayotuhusu sisi kwa karibu: Barrick. Dhahabu yake hutoka pia Kibali huko Kongo, na Bulyanhulu na North Mara huko Tanzania, ambako serikali ina asilimia 16. Kwa hesabu za madeni, kampuni hii hupita bila taabu. Lakini mwaka 2022 wanavijiji wa North Mara walifungua kesi hadi Ontario wakidai kuuawa na kujeruhiwa na polisi wanaolinda mgodi, na kampuni ikakana kuhusika. Sisi si mahakama. Tunachosema ni kuwa vigezo vya asilimia 30 na asilimia 5 havikuuliza swali la dhulma, na Muislamu anatakiwa aulize. Kijana wetu asipokee gawio Montreal asilojua limechimbwa vipi jirani na kwao.

Basi afanye nini?

Mzee alitaka jibu la kumpelekea mwanawe. Tulimwandikia hivi, na tunaliweka hapa wapate wengine:

1. Fungua kapu kwanza, ulizia kilichomo. Mwambie mhudumu kwa kinywa kipana: sitaki CPG, sitaki hati fungani, nataka akaunti ambayo mimi mwenyewe nachagua.

2. Mwenye kipato kidogo na atangulize CELI. Anachokitoa humo uzeeni hakihesabiwi kuwa kipato, kwa hiyo hakipunguzi nyongeza ya serikali kwa wazee wasio na uwezo. Cha REER huhesabiwa. Mwenye kipato kikubwa na kodi kubwa, REER itamfaa.

3. Mwajiri akiongeza fedha, usikatae kabla ya kuuliza kama kuna mfuko wa hisa usio wa riba ndani yake.

4. Anayetaka gawio la makampuni ya Marekani ajue kuwa ndani ya CELI hukatwa asilimia 15 huko Marekani, na ndani ya REER halikatwi.

5. Kanada peke yake haitoshi. Ukiondoa benki na wenye madeni, unabaki na mafuta, dhahabu na reli. Ipo mifuko ya kisharia yenye makampuni ya dunia nzima, mfano WSRI ulioanza mwaka 2021. Gawio lake si kubwa, lakini haujaegemea tawi moja.

6. Safisha. Kampuni ikiwa na asilimia 2 ya pato lisilo halali na wewe umepata gawio la dola 500, toa dola 10 kwa masikini bila kutaraji thawabu ya sadaka. Kama fedha ziko ndani ya REER, toa kutoka mfukoni.

7. Serikali ya Kanada imesamehe kodi. Haikusamehe zaka, wala haina uwezo huo.

Na nyinyi wanafunzi mnaokwenda huko kusoma kisha mkarudi: nafasi ya CELI huongezeka kwa miaka unayoishi Kanada tu. Ukihama usiendelee kuweka, maana utatozwa ile asilimia 1 kila mwezi.

Sisi si washauri wa fedha, na anayetaka kununua na aulize wajuzi wa huko. Tumesema ya dini na tuliyoyahakikisha.

Lawama ni yetu

Mwisho, tunawarudia walimu wenzetu. Tumewafundisha watoto riba kwa mifano ya tende na shayiri, wakahifadhi, wakafaulu mitihani. Kisha tukawasindikiza uwanja wa ndege. Huko wakakutana na CPG, REER na gawio, na hakuna somo letu hata moja lililotaja majina hayo. Walipotupigia simu tukawajibu "haramu" ili tumalize maongezi, au "dharura" ili tuwafurahishe.

Enyi walimu, anayejibu bila kujua amebeba dhima ya aliyemjibu. Katika kila madrasa na litengwe darasa moja kwa wiki la miamala ya leo, tusome na vijana wenyewe wanaojua mambo ya huko. Haitupunguzii heshima kuuliza.

Yule mzee alipoondoka alituambia kijana ameiacha orodha ile, na amana ya CPG ikimalizika muda wake hataifunga tena. Tulimpigia simu sisi wenyewe, tukamwomba radhi kwa lile jibu la mwaka 2014. Alicheka, akasema, "Maalim, bado nina miaka ishirini ya kazi." Tunamuombea Allah ampe miaka hiyo kwa afya, na ampe riziki ya halali uzeeni.